Kusaga nyama ya kulungu nyumbani: maswali yanayoulizwa kila msimu kuhusu mashine na vifaa

Kila Novemba inapokaribia na msimu wa bunduki kufunguliwa katika majimbo mengi ya Marekani, maswali haya huzuka upya miongoni mwetu tunaozungumza Kiswahili huku. Wapo Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya waliofundishwa kuwinda na wenzao wa kazini, na wapo wanaogawiwa kulungu mzima na jirani ambaye friza yake imejaa. Majibu haya yanamhusu kulungu mwenye mkia mweupe, ambaye ndiye anayewindwa zaidi huku. Msimamo wangu nausema mapema: pesa ya kwanza iende kwenye kisu na ubaridi. Mota ije mwisho.

Kwa nini nijisumbue kusaga mwenyewe wakati mabucha ya msimu yapo?

Kwa sababu unajua unakula nini. Katika mabucha mengi ya msimu, nyama za wawindaji tofauti huingia mashine moja, siku moja, bila mashine kufunguliwa katikati. Unapeleka kulungu wako uliyemtunza vizuri, unarudishiwa mchanganyiko na wa mtu aliyemwacha wake juani nyuma ya gari mchana kutwa. Kwa Waislamu kuna jambo jingine zito zaidi: mafuta yanayoongezwa kwenye nyama ya kusaga mara nyingi ni ya nguruwe, na hata ukikataa yasiwekwe kwenye yako, mashine ni ile ile.

Halafu kuna gharama. Bei ya msingi ya kumchakata kulungu mmoja mara nyingi huzidi dola 100 kabla hujaomba soseji. Familia inayopata kulungu wawili au watatu kwa mwaka hurudisha bei ya mashine nzuri ya nyumbani kwa misimu michache. Lakini kama unapata mmoja tu, tena si kila mwaka, usinunue mashine kubwa. Soma jibu la mashine ya mkono hapa chini.

Kulungu mmoja hutoa nyama kiasi gani?

Kulungu wa kilo 68 akiwa mzima hubaki na kama kilo 54 akishatolewa matumbo. Ukimchuna, ukatoa mifupa, ukaondoa mafuta na sehemu zilizoharibiwa na risasi, unapata kati ya kilo 18 na 27 za nyama tupu. Risasi ikipita mabegani utakuwa karibu na 18.

Si zote za kusaga. Sarara za mgongoni na zile ndogo za ndani usizipeleke kwenye mashine hata kidogo, na misuli mikubwa ya paja ni bora ibaki vipande vya mchuzi au vya kuchoma. Zinazosagwa ni shingo, mabega, nyama ya katikati ya mbavu, miundi na vipunguo. Hapo unabaki na kilo 8 hadi 14 kwa kulungu mmoja. Hiyo ndiyo hesabu ya kukuongoza ukienda dukani.

Namba 5, 8, 12, 22 na 32 zina maana gani?

Ni ukubwa wa kichwa cha mashine, yaani upana wa ile sahani ya matundu ambayo nyama hutokea. Namba 5 ina sahani ya kama milimita 54, namba 8 kama 62, namba 12 kama 70, namba 22 kama 82, na namba 32 karibu 100. Namba ikipanda, mdomo nao hupanuka, kwa hiyo unakata vipande vikubwa zaidi na kazi inakwenda haraka.

Ushauri wangu: kulungu mmoja kwa mwaka, namba 8 inatosha. Wawili hadi wanne, namba 12. Ukiona unawasagia na shemeji zako na nusu ya watu wa kanisani au msikitini, nenda namba 22. Namba 32 ni ya biashara, na uzito wake pekee utakufanya uchukie kuitoa kabatini. Faida nyingine ya namba 12 ambayo watu hawaifikirii ni kwamba visu na sahani zake zinapatikana kila mahali, zimetengenezwa na viwanda vingi, na nyingi huingiliana. Kabla ya kuagiza, pima tu tundu la katikati na upana wa sahani.

Boksi limeandikwa wati 3,000. Hiyo si ndiyo yenye nguvu kuliko zote?

Hapana. Fanya hesabu moja rahisi. Soketi ya kawaida ya nyumba za Marekani ni volti 120 na ampea 15, yaani wati 1,800 kwa ukomo wake. Mashine ya wati 3,000 ingezima umeme wa jikoni. Kile kinachoandikwa kwa herufi kubwa ni umeme ambao mota ingevuta kama imekwama kabisa, si nguvu inayofanyia kazi. Tafuta kwenye kibandiko kilichobandikwa nyuma au chini ya mashine wati za kazi ya kawaida, mara nyingi ni 300 hadi 500 kwa mashine hizo hizo za "3,000".

Kipimo cha nguvu farasi kinaeleweka zaidi: nguvu farasi 1 ni wati 746. Kwa namba 8, nusu ya hapo inatosha. Kwa namba 12, robo tatu hadi 1 ni vizuri. Kwa namba 22, usikubali chini ya 1. Angalia pia gia: za chuma huvumilia, za plastiki huvunjika kano moja ngumu ikijifunga. Mtengenezaji ambaye hasemi kabisa gia ni za nini, mara nyingi ni za plastiki. Na swichi ya kurudisha nyuma iwepo, ni kitu kidogo lakini utaishukuru.

Mashine ya mkono, ile ya kufunga kwenye ukingo wa meza, bado ina kazi?

Ndiyo, na kwa kulungu mmoja naipendekeza kwa moyo wote. Ile ya chuma kizito, namba 10, yenye skrubu ya kubana mezani, wengi wetu tumeiona kwa mama zetu. Haina mota ya kuungua na huishi kuliko mnunuzi. Inataka meza isiyoyumba, nyama baridi, na mtu wa pili wa kutia vipande wakati wewe unazungusha. Kilo 10 ni kazi ya jioni moja kwa watu wawili.

Na kile kichwa cha kuchomeka kwenye mashine ya kukandia keki?

Kwa kilo 2 au 3 za sambusa, sawa. Kwa kulungu mzima, hapana. Mashine yenyewe imetengenezwa kukanda unga, hupata moto, na joto hilo linahamia kwenye nyama. Kama ndicho ulicho nacho, saga kidogo kidogo, ipumzishe, na chagua kichwa cha chuma ambacho unaweza kukilaza kwenye friza kwanza.

Nyama yangu inatoka kama uji, tena nyekundu iliyofifia. Mashine mbovu?

Mara nyingi sana mashine ni nzima. Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu alisome kabla ya kurudisha mashine dukani.

Tazama sahani inapotoka nyama. Ikiwa sawa, unaona nyuzi zilizoachana, kila moja na duara lake, wekundu umekolea na mafuta yanaonekana kama chembe nyeupe. Ikiwa si sawa, nyama inatoka imepakaana, inang'aa, baadhi ya matundu yameziba, na mota imebadilisha sauti. Zima, chomoa waya ukutani, fungua pete ya mbele, vuta kisu. Utakuta kano na utando mweupe umejiviringisha kwenye shina la kisu kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani. Kisu hakikati tena, kinasukuma tu.

Sababu ni nne, na huwa zinakuja pamoja. Ya kwanza ni joto: nyama iliyokaa mezani nusu saa ni laini, hukandwa badala ya kukatwa. Itandaze kwenye trei iingie friza hadi kingo zikauke na kukakamaa huku katikati bado panabonyea, karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi. Kichwa cha mashine, skrubu yake ya kusukuma nyama, kisu na sahani navyo viingie friza kwa saa moja. Ya pili ni usafishaji: zile tando nyeupe zinazong'aa juu ya misuli ziondoe kwa kisu chembamba, na kano za miundi zitoe zote. Ya tatu ni kisu kilichowekwa kinyume. Upande bapa wenye makali lazima utazame sahani, ugusane nayo. Kikigeuzwa, hakuna mota duniani itakayokusaidia. Ya nne ni pete iliyolegea, kisu na sahani vikaachana.

Makali yenyewe nayo huisha. Kisu na sahani hulika pamoja na kuzoeana, kwa hiyo kila sahani iwe na kisu chake. Ukichanganya, zote mbili zinaharibika mapema.

Ninunue sahani za matundu gani?

Mbili zinatosha: ya milimita 8 au 10 kwa mzunguko wa kwanza, na ya 4.5 au 5 kwa wa pili. Ya milimita 3 ni ya kababu laini na soseji nyembamba. Usianze moja kwa moja na ya 3, utaiua mota.

Visu je? Na msumeno?

Hapa usibane mkono. Kisu cha kutolea mifupa cha inchi 6, chembamba, kinachopinda kidogo, chenye mpini usioteleza mkono ukiwa na mafuta, ndicho kitakachofanya kazi nyingi kuliko mashine yoyote. Kisu cha pili kipana cha kukatia vipande. Fimbo ya kunolea iwe karibu na uipitishe kisu kila dakika chache, si mpaka kigome. Ubao wa plastiki mkubwa, wenye kitambaa kibichi chini usiteleze. Beseni mbili zinazokaa juu ya barafu. Mizani. Kipimajoto cha nyama.

Msumeno wa umeme wa kukatia mifupa usinunue. Kulungu hutolewa nyama kwenye mfupa kwa kisu tu, mkono wa mbele haujaungana na mwili kwa mfupa, na paja linaachia kwenye nyonga. Tena kukata uti wa mgongo kwa msumeno kunasambaza uboho kwenye nyama, na sababu ya kuogopa hilo inafuata.

Ugonjwa wa kulungu kudhoofika unahusiana vipi na vifaa vyangu?

Unahusiana sana. Ugonjwa huu, unaofupishwa CWD, ulionekana mara ya kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliofugwa katika kituo cha utafiti Colorado, na leo umepatikana katika zaidi ya majimbo 30 ya Marekani na katika sehemu za Kanada. Chanzo chake ni prioni, protini iliyojikunja vibaya. Si bakteria, wala haifi kwa kupikwa au kugandishwa. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuambukizwa, lakini CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nao isiliwe, na mimi nafuata hivyo bila ubishi.

Kwa vitendo: uliza idara ya wanyamapori ya jimbo lako kama eneo ulilowinda lina ugonjwa huo. Kama upo, peleka sampuli ipimwe na usubiri majibu kabla ya kula. Fungasha na kuandika nyama ya kila kulungu peke yake, usisage wawili pamoja, maana mmoja akikutwa nao utatupa yote. Vaa glavu. Usikate ubongo, uti wa mgongo, macho, bandama wala tezi. Kulungu aliyekuwa amekonda, anayumba au anadondosha mate, usimpige, toa taarifa.

Vifaa: utafiti wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kwamba jiki ya nyumbani kwa asilimia 40, yaani sehemu 2 za jiki kwa 3 za maji, inaua nguvu ya prioni hizo juu ya chuma kisichoshika kutu ikiloweka dakika 5. Haipenyi kwenye vipande vya nyama, kwa hiyo kwanza sugua mpaka chuma kiwe kitupu, ndipo uloweke. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema kichwa cha mashine kiwe cha chuma kisichoshika kutu. Aluminiamu na jiki hazipatani, hubabuka na kuwa nyeusi. Fungua madirisha, na usichanganye jiki na siki au sabuni yoyote yenye amonia.

Vipande vya risasi vinaweza kubaki kwenye nyama ya kusaga?

Ndiyo. Risasi ya kawaida yenye kiini cha madini ya risasi hupasuka, na chembe zake husafiri mbali na kidonda, nyingine ndogo kiasi kwamba jino halizihisi. Mwaka 2008 North Dakota iliagiza vituo vya kugawa chakula vitupe nyama ya kusaga ya kulungu iliyotolewa na wawindaji baada ya madini hayo kukutwa ndani yake. Mashine huzidisha tatizo, maana inachukua chembe moja na kuigawa kwenye kilo nzima. Kata na utupe nyama yote yenye damu iliyovilia kuzunguka tundu la risasi, bila kuionea huruma. Kwa nyumba yenye mjamzito au watoto wadogo, mwindaji atumie risasi za shaba.

Niongeze mafuta? Ya nini?

Inategemea unapika nini. Nyama ya kulungu ni kavu, na mafuta yake mwenyewe ni magumu, hugandia kaakaani na kubeba harufu ile watu wanayoilaumu. Yaondoe yote.

Kwa sambusa usiongeze chochote: nyama ya sambusa tunaikausha na tangawizi, thomu na ndimu, na kulungu mtupu hukauka vizuri kuliko ng'ombe, kaki hazilowi. Kwa mchuzi wa nyama ya kusaga pia haihitaji. Kwa baga na mishikaki ya kababu weka mafuta ya ng'ombe, asilimia 10 hadi 15. Kwa mfano, nusu kilo ya mafuta kwa kilo 4 na nusu za nyama. Soseji zinataka 20 na zaidi. Mafuta ya figo ya ng'ombe ndiyo mazuri zaidi, na bucha nyingi za halali huyatoa kwa bei ndogo ukiagiza mapema. Yagandishe, yakate vipande, yapite mashine pamoja na nyama katika mzunguko wa kwanza.

Nikitaka soseji na nyama ya kukausha, nahitaji nini zaidi?

Kwa soseji, bomba linalokuja na mashine ya kusagia linafanya kazi lakini taratibu, na linazidi kuikanda nyama. Ukipenda soseji, nunua mashine ya kujazia ya kusimama, ya kuzungusha kwa mkono. Soma kibandiko cha utumbo wa kujazia: mwingi ni wa nguruwe, lakini wa kondoo na ule wa kolajeni ya ng'ombe unapatikana. Soseji za kukausha kwa moshi zinataka chumvi ya kuhifadhia yenye nitriti asilimia 6.25, gramu 2.5 kwa kilo ya nyama, na hapo mizani ya jikoni inayoonyesha sehemu za gramu si anasa. Chumvi hiyo ikizidi ni sumu.

Kwa nyama ya kukausha, kikaushio chenye feni na kidhibiti cha joto. Usiiamini hewa ya uvuguvugu peke yake. Mwaka 1995 Oregon, watu waliugua kwa bakteria ya E. coli kutokana na nyama ya kulungu iliyokaushwa nyumbani. Vipande vifike nyuzi 71 za Selsiasi kwanza, kisha ndipo vikaushwe kwa nyuzi 54 hadi 60. Nyuzi 71 ni hizo hizo kwa nyama yote ya kusaga jikoni.

Nifungeje kabla ya kugandisha?

Mashine ya kufyonza hewa ni nzuri, ila nyama mbichi ya kusaga hutoa maji yanayoingia kwenye mshono usishike. Igandishe kwanza saa moja au mbili kwenye mfuko, uibonyeze iwe bapa, ndipo ufyonze. Bapa inayeyuka upesi na inapangika kama vitabu. Andika tarehe na ni kulungu yupi. Iliyofungwa hivyo hukaa mwaka mzima ikiwa na ladha kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri.

Usijaze friza kwa usiku mmoja. Kanuni ni paundi 2 hadi 3 kwa kila futi ya ujazo kwa siku, yaani friza ya futi 7 ipokee kilo 6 hadi 9 tu. Zinazobaki zisubiri kwenye barafu.

Nasafishaje mashine?

Pitisha vipande vya mkate mkavu mwishoni visukume mabaki. Fungua kila kitu, maji ya moto, sabuni na brashi ndefu ya chupa. Suuza, kausha kwa taulo, acha wazi usiku. Visu na sahani za chuma cha kawaida hushika kutu ndani ya saa chache, zipake mafuta meupe ya madini ya kulainishia mbao za jikoni, si ya kupikia ambayo huchacha. Mashine ya kuoshea vyombo iache kabisa.

Naweza kuuza nyama nitakayobakiza?

Hapana. Nyama ya kulungu wa kuwindwa haiuzwi, hata kwa ndugu, hata sambusa zake. Kumgawia mtu ruksa, ila angalia jimbo lako linataka maandishi gani.

Tunaweza kununua mashine moja familia nne?

Ni mpango mzuri, na namba 22 ya watu wanne hugharimu kila mmoja pungufu ya namba 8 ya peke yake. Wekeni masharti kabla ya kuchanga: mashine ikae kwa mtu mmoja mwenye nafasi, kila familia iwe na kisu na sahani zake, asiyekuwa na majibu ya kipimo cha CWD katika eneo lenye ugonjwa asubiri zamu, na kama kati yenu kuna Waislamu, nguruwe asiingie kwenye mashine hiyo kamwe. Anayeirudisha airudishe kavu, ikiwa imefunguliwa vipande, ili anayefuata avikague kwa macho kabla ya kuviunga.